Jumapili Tano za Kumdanganya Mtu wa Barafuni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi si mwalimu. Nilisoma miaka mitatu kwa masista kule Burundi kabla ya vita, kisha nikajifunza kuandika vizuri ukubwani, kambini Tanzania, chini ya turubai lililokuwa linavuja. Hata Kiswahili hiki nilikiokota huko huko, kwenye foleni ya maji. Mkikuta mahali nimekosea, rekebisheni kimoyomoyo mwendelee. Siandiki ili mnisifu. Ninaandika kwa sababu nina hasira iliyonikwama kooni kama mfupa wa samaki, na nimeona afadhali niiteme kwenye karatasi kuliko kuwatemea kila asubuhi watu ninaokunywa nao chai.

Nina mjukuu wa kike anayefanya kazi kwenye barafu. Sisemi barafu ya kutia kwenye soda. Ninasema bara zima la barafu, kusini kabisa mwa dunia, mahali pasipo kijiji cha mtu yeyote wala mti wa kukata kuni. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifia kambini mtoto akiwa bado ananyonya. Mimi na mume wangu ndio tuliomlea. Tulipoletwa Sydney alikuwa na miaka saba, na ukimwambia amwite baba yake, alikuwa anamwita babu yake.

Watu wa kanisani wanapomsifu kwa vitabu alivyosoma, mimi hucheka peke yangu. Vitabu vilikuja baadaye. Kwanza lilikuja koti langu. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa mtaa wa Wetherill Park, kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Miaka tisa nimepanga maboksi ya njegere na samaki ndani ya friza kubwa kuliko kanisa, nimevaa koti la kufika magotini na buti zinazokufanya utembee kama bata. Nikirudi nyumbani mtoto ananing'ang'ania, anaingiza mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta baridi. Anauliza. Kwa nini ukungu unaganda kwenye kope? Kwa nini mlango unakuwa na nywele nyeupe? Nilikuwa sijui kwa nini. Nilikuwa najua la kufanya tu, nikamfundisha hilo. Usifanye kazi mpaka ukatoka jasho, jasho ndilo litakalokugandisha. Weka soksi kavu mfukoni. Usishike chuma kwa mkono mtupu. Na usiingie ndani peke yako hata kwa dakika moja, hata kama umesahau glavu tu.

Miaka ishirini baadaye akanipigia kutoka kwenye mafunzo yao, anacheka: "Bibi, wamenifundisha siku nzima, na yote ni ya kwako!"

Siku alipotuambia amechukuliwa kwenda kukaa huko mwaka mzima, nilimkaripia. Nilimwambia, "Sisi tumekimbia bunduki. Wewe unakimbilia nini? Unatuacha na joto letu unakwenda kupima barafu. Barafu inataka kupimwa na nani?" Akanieleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza siku zote. Bahari huko huganda. Inaganda lini, inakuwa nene kiasi gani, inayeyuka lini, hayo yote lazima mtu awepo akayaangalie, kwa sababu maji yale yakibadilika, mvua za huku zinabadilika pia, na za kule nyumbani tulikotoka. Sikuelewa yote. Lakini babu yake, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, aliuliza jambo moja tu.

"Na huko watakula nini?"

Nataka mlielewe hilo swali. Mume wangu aliona njaa ya kambini, mwaka ule mgao ulipokatwa tukawa tunachemsha majani. Tangu hapo hakumsalimia mtu kwa habari za asubuhi. Alikuwa anauliza, "Umekula nini?" Aliwauliza watoto, akamwuliza daktari wake hospitalini, akamwuliza na yule fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Na ukimjibu "nimekula" peke yake, haridhiki. Anataka umtajie chakula.

Kabla ya kuondoka msichana alileta fomu. Nyingi. Akanisomea kwa Kiswahili mezani jikoni, kwa sababu aliniandika mimi kuwa mtu wa kupewa habari zake na wa kutoa habari zetu. Kulikuwa na ukurasa mmoja ulionikera. Ulikuwa unauliza: likitokea baya nyumbani wakati wa majira ya baridi, ambapo hakuna meli wala ndege ya kukutoa, unataka uambiwe mara moja, au usubiri mpaka mwisho?

Nikamwambia, "Wanauliza nini hawa? Subiri, bila shaka."

Akatia alama ya vema kwenye "mara moja".

"Bibi, meli ikishaondoka mwezi wa tatu, mpaka ndege ya mwezi wa kumi na moja hakuna kutoka. Nikivunjika mguu, kuna daktari mmoja, ataniungia huko huko."

"Ndiyo hapo sasa. Kama huwezi kuja, utaifanyia nini hiyo habari?"

"Angalau sitakuwa mjinga peke yangu," akasema.

Nikatia sahihi. Sahihi yangu ni ya shida, natoa ulimi nikiandika, na mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa amesimama hapo nyuma na sufuria anaona. Kumbukeni hilo.

Basi akaenda. Tukaanza Jumapili zetu. Tukishatoka kanisani, tukala, simu inawekwa katikati ya meza, sauti wazi, nyumba nzima inazunguka. Yeye yuko na wenzake ishirini na kitu kwenye nyumba za chuma, mchana na usiku ni giza tupu, na sauti yake inachelewa kidogo kufika, kwa hiyo tulikuwa tunaongea kwa kugongana. Alituambia mambo ambayo, kusema kweli, yalinipendeza. Huko kila mtu ana zamu ya kuosha vyombo, daktari naye, na mkubwa wao naye. Mlangoni kuna kibao chenye vijibati vya majina, ukitoka nje unakigeuza chako, ukirudi unakigeuza tena, na kijibati kikisahaulika watu wote wanavaa makoti wanatoka kukutafuta. Upepo ukichachamaa wanatembea wameshika kamba kutoka nyumba hii mpaka ile. Na hakuna kutoka peke yako.

Kazi yake ilikuwa kutoboa barafu ya bahari kwa keekee ndefu kuliko mtu, kushusha utepe kwenye tundu, kupima unene, kuandika. Anaandika kwa penseli, kwa sababu wino unaganda. Siku moja mwanangu mkubwa, huyu ninayeishi kwake, akamtania: "Sasa siku ukichoka, si unaandika tu cha jana? Nani atajua?"

Hakucheka. Alisema, "Anko, siku nisiyopima naandika 'sikupima'. Nikikisia, nimemwibia mtu atakayesoma baada yangu. Ataona kuna namba pale, ataiamini, na haitakuwa kweli."

Na kabla simu haijakatwa, kila Jumapili, sauti inatoka kwenye kile kiti cha dirishani: "Mwulizeni amekula nini!"

Naye anataja. Supu ya makopo. Mkate wa kuoka wenyewe. Jumapili moja alikuwa ameomba jiko, akapikia wote maharage na ugali, na babu yake akapiga mkongojo sakafuni kwa furaha.

Mume wangu alifariki mwezi wa sita, Alhamisi, mchana. Mapafu. Hakuumwa sana wala hakuaga, aliomba maji, nikaenda kuleta, nikarudi. Sitaandika zaidi ya hapo, hayo ni yangu.

Ninachotaka kuandika ni kilichotokea baada ya saa tatu tu, tumerudi nyumbani kutoka hospitali, mikeka imeshatandikwa sebuleni. Mwanangu alisimama mbele ya watu akasema, "Mama, msichana asiambiwe."

Mzee wetu wa kanisa akaitikia pale pale. "Msafiri hapewi msiba njiani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtoto yuko kwenye giza la miezi, ukimwambia si atafungua mlango akimbilie kwenye barafu?"

Mkwe wangu ni Mkenya, nesi, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mdomo wake hauna breki. "Lakini yeye alisema aambiwe. Mimi nilikuwa hapo. Mama, hiyo karatasi si uliisaini wewe?"

"Karatasi ni ya Wazungu," mwanangu akasema.

"Karatasi ni yake! Sisi kule kazini mtu akifa, tunapigia watu wake kabla chai yake haijapoa. Wanalia, lakini wanajua."

"Ninyi Wakenya mna haraka, binti," mzee akasema.

"Na nyinyi mnangoja nini? Afufuke?"

Watu wakashika vinywa. Wakanitazama mimi. Na mimi, mwenye sahihi kwenye ile fomu, nilimwambia mkwe wangu hivi, mbele ya watu wote: "Nyamaza wewe. Hujui kambi."

Hujui kambi! Mimi ndiye niliyeijua kambi, na ndiyo maana hasira hii hainiishi. Mama yangu mzazi alibaki Burundi tulipokimbia. Alipokufa, habari ikafika kambini ndani ya juma moja, kwa kaka yangu. Akaificha. Watu wa mtaa mzima wa kambi wakajua, mimi sijui, eti nina mimba, nisubiri nijifungue. Miezi miwili nilikuwa naweka pembeni kitenge kimoja cha kumpelekea siku tutakayorudi. Kisha asubuhi moja kwenye bomba la maji, mwanamke nisiyemfahamu hata jina akanishika mkono akasema, "Pole kwa mama." Nikamjibu, "Mama yupi?" Aliangalia chini. Wote kwenye foleni wakaangalia chini, na hapo ndipo nilipotambua kwamba ndoo zote zile zilikuwa zinajua. Sikumlilia mama yangu siku ile. Nilikuwa na aibu mno hata sikuweza kulia.

Nilijua hilo. Nikasema nyamaza.

Basi uongo ukapangwa, na sijapata kuona watu wetu wakishirikiana namna ile. Watu ambao hawawezi kukubaliana nani ataleta viti kanisani waliweza kutunza siri moja, Warundi wote wa magharibi ya Sydney, kuanzia Villawood mpaka mwisho wa reli. Hakuna aliyeweka picha ya mazishi mtandaoni. Mwanangu aliwaandikia wote. Mwanamke wa ofisi ya watu wa barafu, ambaye hutupigia kila mwezi kuuliza kama sote tu wazima, alipiga siku ya tano ya msiba. Mwanangu alitoka uani kupokea, nikamsikia akijibu kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ndiyo, wote wazima kabisa, asante. Nyuma yake sufuria za msiba zilikuwa bado juu ya mafiga.

Jumapili ya kwanza tulimwambia babu amelala. Juma lile lile kule kwao ilikuwa sikukuu ya katikati ya baridi, siku jua linapoanza kurudi hata kama halijaonekana. Wanakata tundu kwenye barafu wanatumbukia majini mmoja mmoja wakiwa wamefungwa kamba, halafu wanakula karamu. Akatuletea picha: amevaa taji la karatasi, meno nje, nywele zina theluji. Mwanangu akamwambia picha nzuri. Mimi nikamwambia picha nzuri.

Jumapili ya pili babu alikuwa kwa daktari wa macho. Siku ya Jumapili! Ya tatu, koo limekauka, hawezi kuongea. Ya nne alikuwa anaoga, na hapo ndipo mjukuu wangu mdogo, binti wa mwanangu, ana miaka sita, huelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, aliniuliza mezani baada ya simu kukatwa kama ni sawa kudanganya siku ya kanisa au inatubidi tungoje Jumatatu. Baba yake akamwambia ale. Mkwe wangu alinitazama tu, yule niliyemwambia anyamaze.

Jumapili ya tano msichana alipiga mapema, sahani zilikuwa bado mezani. Hakusalimia watu kwa zamu kama desturi.

"Bibi, zima hiyo sauti wazi. Nataka kuongea na wewe peke yako."

Mwanangu akatikisa kichwa. Nikaacha sauti wazi. Labda nilitaka wote wasikie.

"Ongea, mwanangu. Tuko hapa."

"Jumapili tano," akasema, "hakuna mtu aliyeniuliza nimekula nini."

Tulikuwa tumefikiria kila kitu. Macho, koo, kuoga, picha, kanisa zima. Hilo hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu halikuwa letu, lilikuwa lake, na yeye tumemzika nalo. Mwanangu akaruka kuinamia simu: "Aa, umekula nini, binti? Babu ameniambia nikuulize, yuko huku—"

"Anko, usikisie," akasema.

Nikamsukuma mwanangu kwa kiwiko. Ana miaka hamsini na ni mrefu, lakini alikaa.

"Babu yako amefariki," nikasema. "Alhamisi, mwezi uliopita. Mapafu. Nilikuwa nimekwenda kumletea maji."

Sauti inachelewa kufika kule, niliwaambia. Kwa hiyo nilisubiri maneno yangu yafike, na yalipofika hakukuwa na kilio. Kulikuwa na upepo, au mashine, sijui. Kisha akaanza kuuliza. Tarehe. Saa. Nani alimwosha. Amevaa nini. Amezikwa upande gani, kuna mti, hakuna mti. Nilijibu moja moja. Nikasikia mkwaruzo, nikajua anaandika, penseli ile ile. Aliniacha nimalize yote. Halafu akasema:

"Nilivyowaletea ile picha ya taji, alikuwa ameshazikwa?"

"Bado. Alizikwa kesho yake."

"Mkaniambia picha nzuri."

"Ndiyo."

"Mmenifanya nicheke juu ya babu yangu, Bibi. Mbele ya watu wote hawa. Na fomu ulitia sahihi wewe."

Mwanangu akasema kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa kwa upendo, ilikuwa kumlinda. Akamjibu kwa Kiingereza, mara ya kwanza katika Jumapili zote zile. Alimwambia kwamba kule alipo, mtu akificha ufa kwenye barafu ili asiwatishe wenzake, wenzake wanazama. Kisha simu ikakatwa, na si setilaiti iliyoikata.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Wala iliyofuata hiyo. Tulikaa tumezunguka meza tunaitazama simu, hakuna aliyekula wali wake. Mwanangu alianza kusema "labda hali ya hewa", nikamwambia akisema labda tena nitammwagia chai.

Aliyepiga alikuwa daktari wao, mwanamke, siku ya kazi, na mkwe wangu ndiye aliyenifasiria. Alisema mjukuu wangu yuko salama, anakula, anafanya kazi, ila hajawa tayari kuongea. Alisema walipojua walisimamisha kazi mchana mzima. Waliteremsha bendera nusu mlingoti kwenye upepo wa kukata masikio. Wamemwoshea vyombo zamu zake zote. Wamemwuliza kwao msiba unakaliwaje, akawaambia watu hukaa sakafuni pamoja na moto usizimike, basi wakaleta magodoro kwenye chumba cha kulia, mafundi wa mitambo na wapimaji wa upepo, ambao hawamjui babu yake kwa sura, wakakaa sakafuni naye siku tatu, kwa zamu, wakila maharage aliyoyapika. Hawakumwacha peke yake. Huko hakuna kutoka peke yako, nanyi mnakumbuka.

Je, nishukuru? Nilishukuru, mkwe wangu akamwambia daktari asante. Lakini nilipokata simu nilikuwa na hasira. Wageni kwenye barafu wamemkalia mume wangu msiba kwa desturi yetu, na sisi wenye desturi tumeitumia kumfungia mtoto wake nje. Siku hiyo nilimwita mkwe wangu jikoni nikamwambia, "Siku ile nilikukosea." Akasema, "Imeisha, Mama." Nikamwambia haijaisha, asiniharakishe.

Mwezi wa nane mwanangu na mzee wa kanisa wakaja na mpango wa kuanua matanga. Walishapata ukumbi. Walitaka iwe mwezi wa tisa, kabla joto halijaanza, na kiti cha dirishani kitolewe kwa sababu kinawasikitisha wageni. Nikawauliza, "Msichana atakuwa wapi mwezi wa tisa?"

"Kwenye barafu, Mama, lakini tutamwonyesha kwa simu—"

"Mlimwonyesha nini kwa simu mpaka leo? Matanga hayaanuliwi mpaka akanyage hapa kwa miguu yake. Na kiti hicho atakayekigusa atakalia sakafu mpaka Krismasi."

Mzee akasema kwa upole kwamba hasira si ya Mungu. Nikamwambia huenda, lakini uongo wa Jumapili tano nao haukuwa wa Mungu, na kwenye huo yeye mzee alikuwa mwimbaji kiongozi. Akanywa chai yake, akaondoka.

Msichana alianza kupiga tena mwishoni mwa mwezi huo. Alinipigia mimi peke yangu, Jumatano, nikiwa naanika nguo. Hakusema amesamehe, na mimi sikuomba. Alinieleza kwamba jua limerudi, linachomoza kidogo na kulala, na barafu ya bahari sasa ni nene kuliko urefu wangu. Nikamwuliza amekula nini. Akasema, "Uji, Bibi. Na tufaha nusu, ni la mwisho, tumegawana." Nikamwambia tufaha nusu si chakula. Akacheka kidogo, kisha akalia, hatimaye, na mimi nikiwa nimesimama uani na shuka lililolowa mkononi tulimlilia mzee wetu pamoja, mpaka salio la muda wake wa simu likaisha.

Sasa nifike mwisho, maana mmechoka na mimi nimechoka.

Mwezi wa tisa nilishikwa na pumzi kwenye ngazi za stesheni. Wakanipeleka hospitali, wakanipima, daktari akasema mlango mmoja wa moyo wangu haufungi vizuri, lazima nipasuliwe, na haitasubiri ndege ya mwezi wa kumi na moja. Mkwe wangu akanifasiria neno kwa neno, hakupunguza. Nilimpendea hilo.

Tuliporudi nyumbani nilikaa, kwa mara ya kwanza, kwenye kile kiti cha dirishani. Mwanangu alidhani nimesinzia. Nikamsikia mezani akimnong'oneza mkewe: "Msichana ndiyo kwanza amepata nafuu. Tumwache. Akishuka kwenye ndege, Mama atakuwa ameshapona, tutamwambia taratibu." Mke wake akaanza kujibu. Na yule mdogo wa miaka sita akaacha kuchora, akamtazama baba yake.

Sikunyanyuka. Nilichukua mkongojo wa mume wangu uliokuwa umeegemea pale, nikagonga sakafu mara mbili, wote wakageuka.

Nikasema: "Leteni simu hapa, mpigieni sasa hivi, sauti wazi. Mkwe wangu ndiye atakayemweleza, yote, kama daktari alivyosema. Na kabla ya lolote, wewe mwanangu, mwulize amekula nini, na usikubali aseme amekula tu."